Boila Imechoka

Jumatatu, 3 Machi

Mwaka huu kampuni haikutoa nyongeza, ilitoa shajara. Jalada gumu, utepe mwekundu, na picha ya mashuka meupe yaliyokunjwa vizuri kuliko maisha yetu. Wenzangu wamewapa watoto wao wachoree. Mimi nimeamua kuandika, kwa sababu mtu aliyezunguka dunia kama mimi akifa bila kuandika chochote, hiyo ni hasara ya umma. Shule niliiacha darasa la sita, na nasikia mpaka leo haijapata mwingine kama mimi.

Kwa asiyenijua: mimi ni mpika mvuke. Ujanani nilipika melini, chini kabisa kwenye injini, ndiyo maana kazini wananiita Kapteni. Sasa napika kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli na hospitali. Wafuaji watakwambia wao ndio kiwanda. Wapiga pasi nao watakwambia hivyo hivyo. Wasamehe. Kiwanda ni boila, na boila ni mimi. Nikisinzia, pasi zote zinasinzia.

Mvua imeanza leo. Na leo binti yangu amerudi kwenye meza yake ya pasi, likizo ya uzazi imekwisha. Mjukuu wangu wa miezi mitatu amebaki nyumbani na dada yangu. Namwita Bosi: hafanyi kazi, analala mchana, na akipiga kelele wote tunakimbia. Baba yake ni kama umeme wa mtaani kwetu, akija tunashangilia, akikatika hatuulizi.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Boila salama.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimepata adui, na sikuwa nimemtafuta.

Msimamizi wa meza za pasi ni mwanamke mmoja mrefu, mkavu. Mimi ndiye niliyempa jina la Bi Pasi, maana akipita juu yako haachi hata mkunjo. Binti alimfuata asubuhi, mimi nikiwa nyuma ya mlango nafunga vali isiyohitaji kufungwa.

"Naomba nusu saa asubuhi na nusu saa mchana nimnyonyeshe mtoto. Shangazi atamleta hadi getini."

"Na haya mashuka nayo yana mama yao?" akasema Bi Pasi. "Maana naona yananililia mimi."

"Sheria inaruhusu, Madamu."

"Sheria haipigi pasi."

Kabla ya saa sita koti la kazi la binti lilikuwa na duara mbili zilizolowa kifuani. Akaja kwangu, kwenye kile chumba kidogo nyuma ya boila ninakoweka spana zangu, akafunga mlango akajikamua kwa mkono kwenye chupa mbili tulizochemsha. Kifua kilikuwa kigumu kama mawe, alisema. Akatoka akaenda ofisini kuomba aziweke kwenye friji.

"Friji ni ya chakula," Bi Pasi akamjibu.

"Na hiki ni nini?"

"Hicho kimetoka ndani ya mtu. Siweki vya ndani ya mtu karibu na soda za wageni."

Binti alirudi na chupa zake. Nikamwambia, mwanangu, achana na friji ya watu. Baba yako ana kitu bora. Juu ya bomba la kurudishia maji pana ubao, una joto la kifua cha kuku anayeatamia. Nikazifunga chupa kwa foronya nikaziweka pale mpaka jioni. Maziwa yanatoka mwilini yakiwa na joto, kuyapoza ni kuyatukana. Wapiga pasi wote walikuja kuona. Mmoja akasema, "Kapteni, ungekuwa umesoma wewe." Nikamwambia ningesoma ningekuwa napiga pasi.

Jumamosi, 8 Machi

Kliniki na Bosi. Muuguzi wa pale ni mwanamke wa umbo, sauti yake inaweza kusimamisha treni.

"Miezi sita, maziwa ya mama tu. Hata maji usimpe. Maji yamo humo humo."

"Kwa hiyo mwanangu ni bomba na kisima," nikasema.

"Mzee, wewe ulinyonya mpaka lini?"

"Mpaka nilipopata kazi melini."

Akina mama wote kwenye benchi wakacheka, na muuguzi pia. Lakini akaendelea, na alisema mambo. Kwamba mama akipata mafua, maziwa yake yanatengeneza kinga ya mafua hayo hayo na kumpelekea mtoto. Kwamba mtoto anayenyonya haharishi ovyo kila mvua inapochafua maji. Kwamba hata mwili wa mama unarudi upesi baada ya uzazi, na damu inakata mapema. Akamshika binti bega: "Ziwa likinyonywa linajaa. Likiachwa linajisahau. Na umsikilize akimeza. Anayevuta bila kumeza anacheza tu."

Nilitaka kumweleza kuhusu ubao wangu juu ya bomba. Lakini fundi hatoi siri ya karakana.

Jumanne, 11 Machi

Mvua tangu alfajiri. Mashuka hayakauki nje, kwa hiyo yote yanakuja kwangu. Boila inanguruma.

Dada yangu amenipokea mlangoni na chupa mkononi. "Kaka, haya maziwa yananuka kama kitambaa cha kufutia meza."

"Dada, wewe hujavuka hata daraja la sokoni. Mimi nimeona wanawake wa mataifa manne wakinyonyesha. Maziwa ya mtu yana harufu yake."

Akanitazama, akampa.

Ijumaa, 14 Machi

Sijui nianzie wapi.

Bosi alianza kuharisha jana asubuhi. Dada alidhani ni meno. Mchana alikuwa anatoa maji matupu, na kila akipewa chupa anarudisha. Nilipofika jioni utosi ulikuwa umebonyea kama kijiko, na macho yameingia ndani, yananitazama kutoka mbali. Mtoto ambaye wiki iliyopita alikuwa akilia majirani wanabisha hodi, jana alikuwa anafungua kinywa na sauti haiji.

Binti alimbeba, mimi nikashika mwavuli, tukakimbia hadi kliniki kwenye matope. Muuguzi yule yule. Akamfinya ngozi ya tumbo, ngozi ikabaki imesimama. Hakusema neno la mzaha. Akampa maji ya chumvi na sukari ya pakiti, kijiko baada ya kijiko, huku akimwamrisha binti amweke kifuani, amtoe, ampe kijiko, amrudishe kifuani.

Halafu akauliza, "Mchana anakula nini?"

"Maziwa yangu," binti akasema. "Nakamua kazini."

"Yanakaa wapi mpaka jioni?"

Binti akamwinamia mtoto. Hakunitazama. Angenitazama ingekuwa nafuu.

"Kwangu," nikasema. "Juu ya bomba la boila. Nayatunza na joto lake, kisha anakunywa kesho yake."

Muuguzi akaweka kijiko chini. "Mzee, ukiacha maziwa ya ng'ombe kwenye uvuguvugu asubuhi mpaka jioni, unayakuta vipi?"

"Yamekatika."

"Na haya mama yake ameyatoa kwenye chuma?"

Mimi nina jibu la kila kitu. Niliwahi kumjibu nahodha akiwa ameshika bastola. Jana niliangalia sakafu ya kliniki, vigae vya kijani, kimoja kimevunjika pembeni.

"Hakuna kilichoharibika kwenye maziwa yako, mama," akamwambia binti, taratibu. "Kilichoharibika ni safari. Sasa mwondolee safari. Mpe titi lenyewe, kila anapotaka. Dawa nyingine zote zinakuja nyuma ya hiyo."

Amelazwa. Dada yangu hajanisemesha hata neno. Alinawa zile chupa, akazianika, akazipindua chini juu.

Jumapili, 16 Machi

Anakojoa. Muuguzi anasema kukojoa ni habari njema. Sina cha kuchekesha.

Jumatatu, 17 Machi

Wametoka kliniki. Binti amerudi kazini mchana huu huu, maana Bi Pasi alituma ujumbe: leo au basi. Nikamuuliza kama atakamua, tuyaweke kwenye mtungi wa maji ya baridi na niyakimbize nyumbani mapema.

"Sikamui tena, Baba. Mkono wangu unaogopa."

Basi nikaenda mwenyewe ofisini kwa Bi Pasi, kofia mkononi. Wanaonijua wanajua kofia yangu haishuki. Nikamweleza yote, hata la bomba. Aliendelea kukunja foronya.

"Mimi nilirudi kazini mtoto hajatimiza mwezi," akasema. "Nilichukua shuka, hili hili la hotelini, nikajifunga kifua mpaka nikashindwa kuvuta pumzi. Siku chache yakakauka. Nikapiga pasi. Hakuna aliyenipa kanga wala pole."

"Na mtoto?"

Alinyoosha kona ya foronya, ingawa ilikuwa imenyooka.

"Yule wa pili alikua," akasema.

Sikuuliza wa kwanza.

Jumanne, 18 Machi

Asubuhi nilikaa mbele ya boila na chai yangu, nikawaza. Watu hawasimamishi kazi kwa sababu ya mtoto. Wataisimamisha kwa sababu ya nini? Nikaiangalia geji, ile saa ya kupimia mvuke. Geji ikaniangalia.

Saa nne kasoro nikapunguza moto, nikafungua vali kidogo, mvuke ukaenda zake kwenye mvua. Pasi moja ikapoa, ya pili, zote. Bi Pasi akaja mbio.

"Kuna nini?"

"Boila imechoka."

"Imechoka vipi?"

"Madamu, boila ya zamani ni kama mzee. Ukiiendesha msimu wa mvua bila kuipumzisha inapasuka, inatuua sote. Nusu saa asubuhi, nusu saa mchana. Melini tulifanya hivyo." Uongo mtupu. Melini ungepumzisha boila nahodha angekupumzisha wewe.

Wapiga pasi wakakaa. Hakuna mvuke, hakuna kazi, hakuna wa kulaumiwa. Dada yangu akaingia na Bosi kwa mlango wa nyuma, ule wa kupakulia mafuta, chini ya mwavuli na kanga mbili. Binti akakaa juu ya sanduku langu la spana, chumba kina joto, mgongo kwenye ukuta. Nikageuka nikitazama geji, lakini masikio niliyaacha nyuma. Glu. Glu. Alikuwa anameza kama anadai haki yake.

Jumatano, 19 Machi

Boila imechoka mara mbili.

Alhamisi, 20 Machi

Boila imechoka mara mbili. Mkunja taulo naye ana mtoto. Ameniuliza, kwa adabu sana, kama boila ingeweza kuchoka dakika kumi zaidi. Nikamwambia boila ni mgonjwa, haipangiwi.

Jumamosi, 29 Machi

Kliniki. Bosi ameongezeka uzito, mashavu yamerudi, ana mikunjo ya mapaja ambayo hata Bi Pasi asingeinyoosha. Muuguzi akamsikiliza akinyonya, akaniuliza, "Mmemwondolea safari?"

"Nimemleta mtoto stesheni kwenyewe."

"Mzee, wewe una kichwa."

Nilimwambia nimeambiwa hivyo bandari nyingi. Lakini nilifurahi kuliko bandari zote.

Jumanne, 1 Aprili

Sasa ni watoto watatu nyuma ya boila. Chumba kinanuka sabuni, mafuta ya mashine na maziwa. Wanawake wanaimba kwa sauti ya chini. Dada yangu, ambaye hakuwa ananisemesha tangu chupa zile, leo amenipa kipande cha mkate kutoka mfukoni mwake, kimebanwa na funguo, kimelowa. Sijawahi kula kitu kitamu hivyo.

Ijumaa, 4 Aprili

Bi Pasi amefungua mlango wa chumba.

Sikumsikia, mvua ilikuwa inapiga mabati. Alisimama pale, akamwona binti, akamwona mkunja taulo, akawaona watoto. Hakuna aliyesogea. Mkono wake ulipanda taratibu ukajishika kifuani, kama mtu anayetafuta kalamu mfukoni. Halafu akaufunga mlango. Aliufunga polepole, usigonge.

Nimewaambia wanawake tumeshinda. Mimi nasoma watu kama geji.

Jumatatu, 7 Aprili

Boila imechoka mara mbili.

Jumatano, 9 Aprili

Boila imechoka mara mbili. Hospitali imepiga simu kuuliza mashuka yake.

Ijumaa, 18 Aprili

Za mwizi arobaini. Zangu hazikufika.

Walikuja asubuhi, meneja na fundi kijana kutoka nje, mwenye viatu safi. Fundi akapima, akagonga, akafungua, akafunga. Alikuwa mstaarabu, sina ugomvi naye. "Boila hii ni nzima kuliko mimi," akasema. Meneja akaniuliza kwa nini inachoka. Nikamwambia aichunguze mvua. Hakucheka. Wakafungua chumba cha nyuma. Binti alikuwa ndani, Bosi kifuani. Bosi hakuacha kunyonya kwa ajili ya meneja. Huyo ndiye mjukuu wangu.

Nimefukuzwa. Binti amebakizwa, kwa masharti: mtoto asiingie kiwandani. Wamenipa mfuko wa plastiki niweke spana zangu.

Bi Pasi alinifuata hadi mlango wa nyuma.

"Ni wewe uliyewaita," nikamwambia.

"Ni mimi." Mvua ilikuwa inamlowesha bega moja, hakusogea. "Wiki mbili nilijifanya kipofu, Kapteni. Kila siku nilisema boila, boila. Mashuka ya hospitali yakachelewa, wagonjwa wakalalia magodoro matupu, meneja akanijia juu. Mimi ningekuficha wewe. Mimi angenificha nani?"

Nilikuwa na tusi tayari, la kibandari, zuri sana. Sikulitumia. Hata sasa bado ninalo.

Kile chumba wamekipiga kufuli.

Jumatatu, 21 Aprili

Mimi na dada nyumbani na Bosi. Binti amekamua asubuhi kabla ya kutoka, mkono wake umejikaza. Chupa nimeiweka ndani ya mtungi, kwenye maji ya baridi, kivulini, na nimekaa karibu nayo kama mlinzi wa benki. Imetosha mlo mmoja.

Jumatano, 23 Aprili

Mchana nimembeba Bosi hadi getini wakati wa chakula. Mlinzi wa geti tunajuana tangu nywele zake zikiwepo. Akatushikia mwavuli, binti akamnyonyesha akiwa amesimama, mgongo kwa barabara. Mlinzi akaangalia juu muda wote, akidai anahesabu mawingu.

Jumatatu, 28 Aprili

"Kapteni," mlinzi akasema leo, haniangalii, "nimeambiwa."

"Na nani?"

"Nimeambiwa, Kapteni. Nina watoto na mimi."

Binti alikuwa upande wa pili wa geti. Bosi alimnusa, akaanza kulia, na kifua cha binti kikalowa pale pale. Nyuma yake kengele ya kurudi kazini. Nilirudi na Bosi nyumbani, kelele zake zinaongoza njia.

Jumamosi, 3 Mei

Kliniki. Hajaongezeka. Muuguzi: "Mama, asubuhi unakamua kiasi gani?" Binti akaonyesha kwa kidole kwenye chupa. Wiki iliyopita kidole kilikuwa juu zaidi. Muuguzi akasema akamue na kazini, hata chooni, la sivyo mwili utaelewa vibaya. Binti akasema choo kina foleni, na akichelewa anaandikwa. "Mwili hauelewi foleni," akasema muuguzi, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikufika hata kwenye mlango.

Alhamisi, 8 Mei

Dada amesema tununue kopo la maziwa ya unga. Sikubisha. Nimechemsha maji mara mbili, nikachemsha kikombe, nikachemsha kijiko. Nilikaribia kumchemsha dada. Bosi kanywa kidogo, akageuza uso ukutani.

Jumanne, 13 Mei

Mvua inapungua. Kiwandani, nasikia, boila haichoki kabisa.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua imekwisha. Leo jua lilitoka, watu wameanika hata magodoro.

Binti amerudi jioni akitembea wima kama askari wa gwaride, hapindi kiuno. Alipokaa hakuinama. Dada yangu akamwangalia, akamfuata, akamfungua vifungo vya koti.

Ndani ya koti kulikuwa na shuka. Jeupe, la hotelini, mhuri wa hoteli unaonekana ubavuni, limezungushwa kifuani na kukazwa kwa pini kubwa.

"Nani kakufanyia hivi?" nikauliza.

"Bi Pasi. Jumatatu koti lililowa mbele ya mgeni wa hoteli, meneja akasema likilowa tena sina kazi. Bi Pasi akanipeleka chooni kila asubuhi, akanifunga mwenyewe; jioni ananifungua, leo aliwahi kuondoka." Alipumua juu juu, shuka halikumruhusu zaidi. "Alikuwa analia, Baba. Ananifunga na analia. Anasema, vumilia, siku chache tu."

Dada alifungua pini moja moja, akaanza kulizungusha shuka. Mzunguko baada ya mzunguko, nikingoja kuona zile duara mbili. Hazikuwepo. Shuka lilikuwa kavu mpaka ndani.

Nilimchukua Bosi nikamweka mikononi mwa mama yake, na yeye hakuhitaji kuelezwa, alilikamata titi kama mtu aliyekutana na ndugu yake stesheni. Akavuta. Akavuta tena, mkono wake mdogo unaminya, macho yamefumba.

Muuguzi alisema tusikilize akimeza. Basi tulisogea wote watatu, tukatega masikio. Msimu mzima nisingesikia kitu, mabati yalikuwa yanapiga ngoma. Leo paa liko kimya, mtaa uko kimya, hakuna kelele hata moja ya kusingizia.